Ukumbi wa Viti 80 Kisumu: Tathmini ya Ratiba ya Aprili hadi Julai

Ratiba mpya ya ukumbi mdogo wa sanaa ulioko mtaa wa Milimani, hapa Kisumu, imebandikwa langoni tangu wiki iliyopita, na anayeisoma kwa makini ataona jambo ambalo halijapata kutokea humo: katika maonyesho manane yatakayofanyika kati ya tarehe 10 Aprili na tarehe 7 Julai, manne ni ya muziki na manne ni ya fasihi. Hadi mwaka jana fasihi ilikuwa ikipewa masalio, jioni moja katika miezi mitatu, tena siku ambayo hakuna mwanamuziki aliyepatikana. Nimekuwa nikihudhuria tangu ukumbi ulipofunguliwa, nikitoka Maseno baada ya vipindi vya alasiri, na nimekaa karibu katika kila safu ya viti vyake 80. Nikisema kwamba ratiba hii inastahili nauli ya mtu anayetoka Siaya, Vihiga au hata Kakamega, nasema kwa kuwa nauli ya namna hiyo nimeilipa mara nyingi. Na nikisema kwamba zipo jioni zilizopangwa vibaya, nasema kwa yale niliyoyaona humo humo.

Sifa kuu ya ukumbi huu ni kwamba hautumii vipaza sauti. Ukumbi umezungukwa na makazi ya watu, na kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele, zilizotolewa mwaka 2009, haziruhusu spika zitikise madirisha ya jirani usiku. Wenye ukumbi walipolalamikiwa katika miezi ya kwanza, walizima mitambo katikati ya onyesho na kumwomba mwanamuziki aendelee hivyo hivyo. Aliendelea, na waliokuwa wakizungumza huku nyuma wakanyamaza mmoja mmoja, kwa sababu asiyenyamaza hasikii kitu. Tangu siku hiyo mitambo haijawashwa tena, na chumba kimerekebishwa kidogo kidogo kwa ajili ya kusikiliza: kuta za matofali zimetundikwa mikeka ya mafunjo yanayokatwa kandokando ya ziwa, ili sauti isirudi kwa mwangwi; viti vimepangwa nusu duara; na aliye safu ya mwisho hayuko zaidi ya hatua 12 kutoka kwa msanii. Kila ninachokisifu au kukilalamikia hapa chini kinatokana na jambo hilo moja.

Nianze na nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ingawa si ya kwanza kwenye ratiba, kwa sababu ndiyo inayofaidika zaidi na chumba hiki. Wengi wetu tumeisikia nyatiti matangani na kwenye mikutano ya siasa, imesogezewa maikrofoni, ikishindana na jenereta. Hapo sikio hupata nyuzi tu, na hata nyuzi zenyewe hufika zikiwa zimekwaruzika. Ndani ya ukumbi huu utasikia ala tatu katika mwili wa mtu mmoja. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, nyatiti ikiwa mbele yake. Mikono yote miwili inadonoa nyuzi 8. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete nzito ya chuma iitwayo oduong'o, ambayo huigonga kwenye ukingo wa ala. Na mguuni amefunga gara, njuga za chuma zinazoitikia kila mguu unapoinuka. Mwaka jana nilipata kiti cha safu ya mbele, nikaona jinsi mbao ilivyolika pale pete inapogongea, ikaacha kishimo laini chenye upana wa sarafu ya shilingi tano. Mzee aliyekaa kando yangu alinieleza kwamba zamani nyuzi zilitengenezwa kwa kano za ng'ombe, na kwamba siku hizi ni nailoni, ile ile ambayo wavuvi wanaitumia ziwani. Kabla ya wimbo wa kwanza mpigaji alichukua kama dakika 10 kukaza na kulegeza. Katika kumbi kubwa muda huo hufunikwa kwa muziki wa rekodi. Hapa tulikaa kimya tukisikia kila uzi ukipanda hadi mahali pake, na alipofungua kinywa kuimba, masikio yetu yalikuwa yamekwisha kuzifahamu nyuzi zake zote.

Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019, aliifikisha ala hii kwenye majukwaa ya Ulaya, na wapo vijana wengi wa Kisumu wanaoijua kwa rekodi zake pekee, bila kupata kumwona mpigaji akiinua mguu. Kwa vijana hao shilingi 200, ambayo ndiyo bei ya mwanafunzi, haitapotea.

Ninachokihofia ni tarehe. Jioni ya nyatiti imewekwa wiki ya mwisho ya Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, na ukumbi umeezekwa kwa mabati yasiyo na dari. Anayeishi Kisumu hahitaji kuelezwa jinsi mawingu yanavyojikusanya alasiri na jinsi mvua inavyomwagika ghafla ikifuatana na radi. Mei ya mwaka juzi mvua ilianza kwenye wimbo wa pili, na kwa dakika 40 tulimwona mwimbaji akifumbua na kufumba kinywa bila hata neno moja kutufikia. Hakuacha kuimba, nasi hatukuondoka, lakini hatukusikia. Ukumbi unaojivunia kusikiliza hauna budi kuwa na dari, na kama fedha za dari hazijapatikana, basi nyatiti na gitaa la mwishoni mwa Juni vingebadilishana tarehe. Hata gitaa lingeumia kwa mvua, lakini si kwa kiasi cha nyatiti.

Gitaa ninalolitaja ni la omutibo, mtindo wa Waluhya uliovuma katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambao jina la George Mukabi wa Kisa halitenganishwi nao. Ni gitaa moja kavu: kidole gumba kinatembeza besi, cha shahada kinafuata sauti ya mwimbaji, na kando yake anaketi mtu mwenye chupa ya soda yenye migongomigongo, ile ya Fanta ya zamani, akiikwaruza na kuigonga kwa kipande cha chuma. Chupa za aina hiyo zimekuwa adimu, na mpiga chupa aliyekuja mwaka jana aliitoa yake mfukoni ikiwa imefungwa kwa leso, akaifuta shingo kwanza, kisha akaipima kwa kuigonga mara mbili karibu na sikio. Sauti yake haikuzidi ya kijiko ndani ya kikombe, lakini wimbo mzima ulitembea juu yake. Jukwaa lenye spika lingeimeza sauti hiyo kabla haijafika safu ya pili.

Siwezi kusema hivyo kuhusu isukuti, iliyopangiwa tarehe 1 Juni, Sikukuu ya Madaraka. Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, na mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma zenyewe huja tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikiwa na pembe na njuga za chuma, na wachezaji huzifuata kwa mabega na miguu, wakitembea. Ndani ya chumba cha viti 80 hakuna pa kutembea, na mikeka ya mafunjo iliyotundikwa kwa ajili ya kutuliza nyatiti haitaweza kuzituliza ngoma tatu. Zaidi ya hayo, mtazamaji aliyefungwa kwenye kiti huwa ameondolewa katika ngoma ambayo kwa asili inamtaka aingie. Uwanja wa nyuma wenye mwembe ungewatosha wachezaji na watazamaji pamoja. Kwa kuwa siku hiyo ni ya mapumziko, onyesho lingeanza saa tisa alasiri na kumalizika kabla ya jua kutua, na hakuna jirani ambaye angenung'unika. Nimewaandikia wahusika nikiwaomba wafikirie jambo hilo. Kama isukuti itabaki ndani, nawashauri wenye watoto wadogo wakae karibu na mlango.

Litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, imewekwa Mei. Sijawahi kuisikia katika chumba hiki, hivyo sitaisifu kabla ya wakati, nitakwenda.

Sasa nigeukie fasihi, ambako ndiko ratiba hii imepiga hatua kubwa, na ambako mimi kama mwalimu wa Kiswahili nina jambo zaidi la kusema. Zamani jioni ya fasihi katika mji wowote wa huku kwetu ilikuwa na maana moja tu: vitabu teule. Shule zililetwa kwa basi, mgeni alisimama akachambua maudhui na wahusika, wanafunzi wakaandika haraka haraka wasije wakapitwa na dondoo linaloweza kutoka kwenye mtihani, kisha basi likaondoka. Siwalaumu wanafunzi, maana mimi ndiye niliyewaambia wabebe kalamu. Hata hivyo, katika jioni hizo zote sikumbuki hata ukurasa mmoja uliosomwa kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, na maandishi yasiyosomwa kwa sauti mbele ya watu huishia kudhaniwa kuwa ni maswali na majibu.

Jioni ya ushairi ya mwaka jana ilinionyesha njia nyingine. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, kutoka shule ya hapa mjini, alipanda jukwaani na tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, aliyoitunga kuhusu magugu ya ziwani. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, na kufikia wa pili watu walikuwa wamekwisha kukidaka kibwagizo na kukiitikia pamoja naye. Katika ubeti wa tatu alisoma: «Ziwa letu lafifia, magugu yamefunga.» Mzee aliyekuwa safu ya nyuma, mwalimu mstaafu, alikuwa akihesabu mizani, yaani silabi za kila kipande cha mstari, kwa vidole juu ya goti lake, na nilimwona kidole kimoja kikibaki hewani. Ukwapi, kipande cha kwanza cha mstari, ulikuwa na mizani 8; utao, kipande cha pili, ulikuwa na 7. Hakumkatiza. Baada ya onyesho, wakati wa chai, alimwita kijana akamwambia aongeze silabi moja: «magugu yamelifunga.» Kijana alihesabu, akafika 8, akatabasamu. Ndipo mzee akamwonyesha kwamba hakuongezewa mizani pekee, kwa maana katika mstari wa awali magugu yalikuwa yamefunga bila kujulikana yamefunga nini, na hiyo «li» ndogo ndiyo ziwa lenyewe. Nimefundisha kitenzi na viambishi vyake kwa miaka mingi, na sijawahi kumwona mwanafunzi akielewa kiambishi cha yambwa, kile kinachomtaja mtendwa, kwa haraka kiasi kile. Jioni ya ushairi ya mwaka huu itakuwa katikati ya Juni, na wasomaji watachaguliwa kutokana na tungo zitakazopelekwa ukumbini kabla ya mwisho wa Mei. Walimu wenzangu wa Kisumu, Siaya na Vihiga, pelekeni za wanafunzi wenu.

Jioni ya kwanza kabisa katika ratiba ni ya tarehe 10 Aprili, siku aliyofariki mwandishi Ken Walibora mwaka 2020. Walibora alikuwa mtu wa huku, mzaliwa wa Bungoma, na riwaya yake Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, iliwafanya wengi wa rika langu waamini kwamba mtoto wa bara anaweza kuandika Kiswahili kilichonyooka bila kumwomba mtu radhi. Nimefurahi kuona kwamba hakutakuwa na jopo. Wasomaji wanne watapokezana kurasa za riwaya hiyo kwa saa nzima, na baada ya hapo aliye na neno atasema. Mpango huo unafaa sana chumba hiki, kwa kuwa msomaji asiye na kipaza sauti hulazimika kupumua mahali ambapo mwandishi aliweka nukta, na msikilizaji hulazimika kumfuata. Ombi langu ni kwamba kusoma kutangulie salamu na utambulisho wa wageni, ambao kwetu unaweza kula nusu saa bila mtu kustuka.

Kuhusu Mei, ratiba inataja jioni ya sigana, yaani hadithi za Waluo, itakayosimuliwa kwa Dholuo huku mkalimani akifuatisha kwa Kiswahili. Zamani hadithi hizo watoto walizipata usiku ndani ya siwindhe, nyumba ya bibi mzee, na wenye ukumbi wanakusudia kuzima taa na kubakiza koroboi mbili. Hadithi iliyotangazwa ni ya Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la mviringo karibu na Kendu Bay, ambalo husimuliwa kwamba ni mahali palipokuwa na kijiji kilichomnyima makao kikongwe mgeni usiku wa karamu, maji yakakifunika. Niliisikia kwa Dholuo nikiwa mdogo, na bado nangoja msimulizi atamke «Thu tinda» mwishoni ili niruhusiwe kulala. Kinachonivuta zaidi ni ile tafsiri. Mwandishi Grace Ogot, aliyefariki mwaka 2015, alichapisha kitabu chake Miaha kwa Dholuo mwaka 1983, na kabla ya mwongo huo kwisha kilikuwa kimepatikana kwa Kiingereza. Njia ya kutoka lugha zetu kwenda Kiingereza imekanyagwa sana. Ile ya kutoka Dholuo kwenda Kiswahili, lugha mbili ambazo mchuuzi wa soko la Kibuye huzitumia zote kabla ya saa tatu asubuhi, bado ina nyasi. Mkalimani ana kazi ngumu, kwa kuwa sigana ina nyimbo ndani yake, na wimbo ukifasiriwa palepale hufa. Ningependa auache wimbo ukae katika Dholuo, aeleze maana yake kabla haujaanza, kisha atuache tuitikie.

Onyesho la mwisho ni la tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Hapa sikubaliani na waandaaji. Wamepanga mjadala wa wazungumzaji watano kuhusu nafasi ya Kiswahili katika kaunti zetu. Mijadala hiyo tunayo kila mwaka, na mara nyingi huendeshwa kwa Kiswahili cha kuhutubia ambacho hakuna anayekizungumza anapotoka nje. Baada ya miezi mitatu ya kusoma, kuimba na kuhesabu mizani, ingefaa siku hiyo warudi wasomaji wa Aprili, kijana wa Juni na mkalimani wa Mei, kila mmoja apewe robo saa. Wazungumzaji watano wangekuwa wageni wetu wa heshima, wakisikiliza.

Nina malalamiko mawili ya utaratibu, na nayatoa kwa nia njema. Kwanza, Septemba iliyopita nilifika langoni nikiwa na wanafunzi sita, nikakuta karatasi inayosema kwamba onyesho limeahirishwa. Fedha zilirudishwa baada ya siku tisa, bila neno la pole. Tiketi hulipwa kwa M-Pesa, kwa hiyo namba ya kila mteja wanayo, na ujumbe mmoja wa simu ungetosha kutuzuia tusipande matatu. Safari hii tangazo linaahidi ujumbe, nami nitausubiri. Pili, saa. Tangazo husema saa kumi na mbili na nusu jioni, na onyesho huanza saa moja na nusu usiku. Kwa anayelala Milimani hiyo ni saa moja ya kunywa chai. Kwa anayekwenda Maseno au Luanda, ni tofauti kati ya kupata matatu kwa nauli ya kawaida na kusimama stendi usiku ukiombea gari lijae. Mara mbili nimetoka kabla ya wimbo wa mwisho, nikipita mbele ya magoti ya watu katika chumba ambamo hata kiatu kinasikika, na iliniuma kuwa mimi ndiye niliyevunja kimya hicho.

Mengine ni madogo. Tiketi ni shilingi 500, na mwanafunzi mwenye kitambulisho cha shule hulipa 200. Chai ya maziwa ni nzuri, mandazi huisha mapema. Langoni kuna ngazi tatu na hakuna njia ya kiti cha magurudumu, ingawa mabawabu huwa tayari kumbeba mtu. Mzee wa mizani aliniambia kwamba hapendi kubebwa, na kwamba saruji ya mifuko miwili ingemaliza tatizo hilo. Viti ni vya mbao, kwa hiyo wenye shida ya mgongo wabebe kimto.

Kuhusu jioni ya nyatiti, ikiwa haitahamishwa, njooni mapema mshike safu ya pili, upande ambao mpigaji ameelekeza ule mguu wake wenye pete. Mtamwona mguu mzima unavyofanya kazi, na mvua ikianza mtakuwa karibu vya kutosha kuisikia oduong'o ikigonga mbao.